Unaenda kusoma biashara Ujerumani? Anza na GPA, maliza na kibali, na mitihani ujisajili mwenyewe

Muhula wangu wa kwanza, Februari, nilisoma somo la fedha za makampuni wiki tatu mfululizo, nikawahi chumba cha mtihani na kalkuleta yangu na kitambulisho, msimamizi akapitisha kidole kwenye orodha mara mbili, jina hamna. Nikamwambia mi mwanafunzi wa hapa, vipindi vyote nimehudhuria. Akaniuliza taratibu tu, ulijisajili? Kumbe kule kujisajili chuo ni kitu kimoja na kujisajili mtihani ni kitu kingine kabisa, unaingia kwenye mfumo wa chuo unachagua somo moja moja, na dirisha lilishafungwa tangu mwezi wa kumi na mbili. Hakuna aliyenipigia, hakuna CR, kiongozi wa darasa, wa kukumbusha watu kwenye grupu, hakuna mhadhiri aliyesema darasani. Nilirudi chumbani nikalia, halafu nikaanza kuandika kwenye daftari kila kitu ambacho ningetamani mtu aniambie kabla sijapanda ndege pale JNIA. Haya ni ya kutoka kwenye lile daftari, nimeyapanga upya kwa ajili yako unayejiandaa saivi.

Mi nilimaliza Mzumbe digrii ya biashara, nikaenda kusoma masta kwa Kiingereza kwenye mji mmoja wa jimbo la Nordrhein-Westfalen. Kwahiyo nitaongea zaidi kuhusu masta, ila wa bachela nao yapo yanayowahusu.

Anza na GPA yako, leo

Wajerumani alama zao zinaenda kinyume na zetu. 1.0 ndo ya juu kabisa, 4.0 ndo mwisho wa kufaulu, 5.0 umefeli. Wanabadilisha alama zako kwa kanuni yao moja, na kwa sisi wa Tanzania ambao GPA ya juu ni 5.0 na ya kupita ni 2.0, ukiipiga hesabu inakuja rahisi sana: chukua 6 utoe GPA yako. Basi. Mi nilikuwa na 3.8 ikawa 2.2. Mwenye 4.4 anapata 1.6. Mwenye 3.5 anapata 2.5, na hiyo 2.5 ikariri kwa sababu kozi nyingi za masta ya biashara zinakata hapo hapo, namba yako ikizidi hiyo, yaani GPA ikiwa chini ya 3.5, hawakuangalii. Wa Kenya ambao alama zenu ni asilimia na kufaulu kunaanzia 40, ile 2.5 inaangukia kwenye 70.

Ukishajua namba yako unaacha kutupa hela kuomba vyuo visivyokuhusu. Vyuo vingi vinapokea maombi kupitia uni-assist, ombi la kwanza ni euro 75 na kila linaloongezeka muhula huo huo ni euro 30, kwahiyo ukiomba vyuo sita bila hesabu umeshachoma euro 225, na hiyo hela huku nyumbani ni kodi ya miezi kadhaa.

Kitu cha pili ambacho kiliwakwamisha wenzangu wawili tuliokuwa tunaomba pamoja ni krediti za masomo, yaani uzito wa kila kozi uliyosoma, ile wanayoiita ECTS. Mwaka mmoja wa chuo ni ECTS 60, bachela ya miaka mitatu ni 180. Sasa kozi ya masta inaweza kuandika kabisa kwamba wanataka uwe umesoma kiasi fulani cha hesabu na takwimu, kiasi fulani cha uchumi, kiasi fulani cha uhasibu, na wanahesabu kweli, sio mapambo. Trenskripti peke yake haitoshi, wanataka maelezo ya kila kozi: ulisoma nini, masaa mangapi. Hizo kozi autilaini ziombe idarani ukiwa bado upo chuo, wahadhiri bado wanakujua kwa sura, mhuri ugongwe kila ukurasa. Ukishaondoka ukaja kurudi miaka miwili baadaye utazungushwa, sio kwa ubaya, ni vile tu mafaili yanahama na watu wanastaafu.

Kozi zitafute kwenye tovuti ya DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, bure kabisa, unachuja kwa lugha na ada. DAAD wana ofisi Nairobi pia. Na jamani angalieni tofauti ya MSc na MBA! MBA inataka uzoefu wa kazi na karibu kila mahali inalipiwa, hata kwenye vyuo vya serikali. MSc ya biashara kwenye chuo cha serikali mara nyingi haina ada, unalipa mchango wa muhula tu, euro mia na kitu mpaka mia tatu na kitu, na mara nyingi ndani yake kuna tiketi ya usafiri. Isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg, wao tusiotoka Umoja wa Ulaya wanatutoza euro 1,500 kila muhula, na chuo cha ufundi cha München, TUM, tangu muhula wa baridi wa 2024/25 masta yao ni kati ya euro 4,000 na 6,000 kwa muhula. Ukikutana na wakala anayekuambia amekupatia nafasi haraka haraka, muulize kwanza chuo ni cha serikali au binafsi na ada ni kiasi gani kwa mwaka. Wengi wanakupeleka kwenye vyuo binafsi kwa sababu huko ndo wanapolipwa kamisheni. Kila nilichofanya mimi kwenye maombi nilikifanya mwenyewe kwa simu na bando.

Wa bachela: kozi nyingi za biashara kwa ngazi hiyo ni kwa Kijerumani, na wanataka kiwango cha C1 (ngazi za lugha zinapanda toka A1 mpaka C2), kwa mfano kwenye mitihani ya Kijerumani DSH-2 au TestDaF 4 kwenye vipengele vyote vinne. Cheti chako cha sekondari kiangalie kwenye kanzidata yao inaitwa Anabin, ndo inayosema unaingia moja kwa moja au unapitia kwanza mwaka wa maandalizi unaoitwa Studienkolleg. Wa biashara anasoma mkondo wa W. Sio adhabu, unatoka hapo na hesabu na lugha ya kueleweka.

Hela, na maongezi ya sebuleni

Ili upate viza lazima uonyeshe una hela ya mwaka mzima. Njia ya kawaida ni akaunti iliyofungwa, Sperrkonto, unaweka euro 11,904, na ukishafika inakuachia 992 kila mwezi, zaidi huwezi kutoa hata ukiwa na shida gani. Kwa hela ya kwetu ni zaidi ya milioni 30. Najua namba hiyo ukiitamka nyumbani kimya kinatanda. Njia nyingine ni mtu anayeishi kule kihalali na mwenye kipato aende ofisini kwao kusaini kwamba atakugharamia, na hapo muombe mtu unayemheshimu na anayekuheshimu, manake ukikwama anadaiwa yeye kisheria.

Juu ya hiyo 11,904 tafuta euro 1,500 mpaka 2,000 za pembeni. Kwanini? Kwa sababu akaunti haifunguki siku unayotua, na mwenye nyumba anataka dipoziti ambayo kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Mi nilienda na 600 nikidhani zinatosha wiki mbili, nikaishi mwezi mzima kwa wali na maharage ya kopo huku nina zaidi ya elfu kumi na moja zimefungwa kwa jina langu.

Halafu kuna hili ambalo hamna fomu yake. Hela ya kwangu ilichangwa. Mama aliuza kiwanja, mjomba akaongezea, baba mdogo akakopa SACCOS. Nikafika, wiki ya tatu simu zikaanza, binamu ada, shangazi dawa, na kila mtu anajua nina milioni thelathini benki Ulaya. Nikawa natuma. Euro 50 hapa, 70 pale, nikaanza kukwepa simu za nyumbani, nikawa nakwepa mpaka za mama. Nakuomba kabla hujasafiri kaa na familia sebuleni, chukua karatasi, waandikie: 992, kodi ya chumba 380, bima ya afya kama 145, chakula 200, simu na mtandao 20, mchango wa muhula, nguo za baridi, vitabu. Waone kinachobaki. Sema kwa heshima kwamba mwaka wa kwanza sitaweza kutuma, nikianza kazi nitasema mwenyewe. Mi nilikuja kufanya hivo mwaka wa pili kwa video, mama akaniambia mwanangu mbona hukusema mapema, sisi tulidhani unafurahi kutuma. Wazazi wanaelewa hesabu vizuri kuliko tunavyodhani, hasa wale waliolea watu kwa hela ya genge.

Bima ya afya ni lazima, bila bima chuo hawakusajili. Bei ya mwanafunzi kwenye bima za umma ni mpaka ufikishe miaka 30, ukivuka hapo mambo yanabadilika na gharama inapanda, kwahiyo kama una 28 au 29 liweke hilo kwenye mipango yako.

Viza omba mapema kadri unavyoweza, ukishapata barua ya chuo tu. Na kwenye intavyuu ya ubalozi usikariri majibu. Watakuuliza kwanini kozi hii, ukimaliza utafanya nini. Jibu kwa kitu chako halisi. Mi niliongea kuhusu duka la mama la vitenge Morogoro na jinsi ambavyo hajawahi kujua faida yake kwa mwezi ni kiasi gani.

Ukifika, kila karatasi inazaa nyingine

Ukipata chumba mwenye nyumba anakupa karatasi ya kuthibitisha umehamia. Na hiyo karatasi unaenda ofisi ya mji kuandikisha makazi, Anmeldung, kisheria ndani ya wiki mbili. Ukishaandikishwa unafungua akaunti ya kawaida, na hiyo ndo inapokea zile 992. Na hizo zote unazibeba kwenda ofisi ya wageni, Ausländerbehörde, kubadilisha viza iwe kibali cha kuishi. Ukikosa ya kwanza zote zinasimama. Kwahiyo chumba ndo mzizi. Omba hosteli za Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, siku ile ile unayopata barua ya chuo maana foleni yake ni ndefu, na huku unatafuta chumba cha kushea. Usimtumie mtu yeyote hela kabla hujakiona chumba, hata akutumie picha na kopi ya pasipoti, matapeli wa vyumba wanawajua wanafunzi wa kigeni vizuri sana.

Ukisoma tangazo angalia kodi "baridi" na kodi "ya moto". Ya baridi ni chumba tupu, ya moto imejumlisha maji, joto na gharama za jengo. Unayolipa ni ya moto. Na itakuja barua ya ada ya redio na televisheni, 18.36 kwa mwezi, usiitupe hata kama huna tv, inalipwa kwa nyumba sio kwa mtu, mkiwa wanne mnagawana.

Darasani, na ile mitihani

Wiki ya kwanza kabla ya kitu kingine chochote tafuta kanuni za mitihani za kozi yako, Prüfungsordnung, ipakue uisome yote hata kama ni ya Kijerumani, pitisha kwenye programu ya kutafsiri. Mambo ya kutafuta humo ni haya: usajili wa mitihani unafunguliwa na kufungwa lini, mwisho wa kujitoa ni lini, na una majaribio mangapi. Vyuo vingi ni matatu kwa somo la lazima. Ukifeli la tatu kwa kawaida unatolewa kwenye kozi, na kozi ya namna hiyo inakuwa ngumu au haiwezekani tena kuisoma kwenye chuo kingine humo nchini. Nimeona mtu analipoteza hivyo somo la takwimu, kijana mwenye akili sana, alikuwa anaingia kujaribu bahati akidhani ni kama sapu ya kwetu.

Ukijisajili, piga picha skrini ya uthibitisho. Ukiumwa siku ya mtihani nenda kwa daktari siku hiyo hiyo upate cheti, ukipeleke ofisi ya mitihani ndani ya muda walioandika, vinginevyo inahesabika umefeli. Matokeo yakitoka una haki ya kwenda kuangalia karatasi yako iliyosahihishwa, inaitwa Klausureinsicht, wanatangaza siku moja tu tena fupi. Nenda! Hata ukifaulu nenda. Mi nilifeli takwimu jaribio la kwanza, nikaenda kuangalia, nikagundua mahesabu nilikuwa sahihi ila sikuandika tafsiri ya jibu kwa maneno, na kila swali wanatoa alama za maneno. La pili nikapata 2.3. Mitihani ya zamani iulize kwa chama cha wanafunzi wa kitivo, Fachschaft, wengi wanayo na wanakupa bila makuu, ila lazima uende ukaombe.

Kingine, uhasibu. Sisi Tanzania tunasoma IFRS, viwango vya kimataifa vya uhasibu, toka mwanzo. Kule hesabu za kampuni yenyewe zinaandikwa kwa sheria yao ya biashara, HGB, ambayo roho yake ni tahadhari. Mfano kiwanja ulichonunua zamani kikipanda bei, IFRS inakuruhusu kukithamini upya, HGB hapana, huvuki bei uliyonunulia. Niliona ajabu mpaka nikaelewa kwamba ile sheria inamfikiria zaidi anayekudai kuliko mwekezaji. Ukishalishika hilo wazo vitu vingi vya HGB vinajipanga vyenyewe kichwani, kwahiyo anza na wazo, vifungu vitafuata.

Kazi za makundi zinaumiza watu wa kwetu kwa sababu ya adabu. Mwenzako anakuambia mbele ya wote "hii sio sahihi", anahamia slaidi inayofuata, halafu baadae anakualika kahawa. Hajakutukana. Mi wiki za mwanzo nilikuwa nanyamaza, nikisubiri niulizwe kama nilivyozoea mbele ya mwalimu, na kimya changu wakakisoma kwamba sijajiandaa. Tafuta njia yako ya kuingia. Yangu ilikuwa kwenda na mfano wenye namba. Tulipofika kwenye malipo ya simu kila mtu alinigeukia, M-Pesa ilianza Kenya 2007 na kila kitabu cha biashara kinaitaja, ila hakuna aliyekuwa anajua wakala anaishije. Nikaeleza wakala wa Msamvu anavyogawa mtaji wake kati ya keshi na floti, Ijumaa jioni keshi inavyomwishia, anavyokimbia kwa jirani kubadilishana. Profesa akaacha slaidi zake. Toka siku hiyo walianza kuniita kwenye makundi. Vikoba, upatu, mali kauli za Kariakoo, hayo yote ni somo la fedha, yaandae vizuri uende nayo.

(Kipindi kikiandikwa 10:00 c.t., kwa saa za kule, kinaanza 10:15. Kikiandikwa s.t. ni 10:00 kamili. Mlango ukifungwa usiugonge.)

Kazi na lugha

Mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, na wakati wa masomo usivuke saa 20 kwa wiki. Kima cha chini kilikuwa euro 12.82 kwa saa mwaka 2025, na 2026 ni 13.90. Ghala na mgahawa utapata haraka, ila jitahidi muhula wa tatu uwe kwenye kazi ya ofisini ya wanafunzi, Werkstudent, hata malipo yakilingana, kwa sababu hiyo ndo inakupa kazi baadae.

Na hapo ndo nafika kwenye kitu ninachokijutia kuliko ule mtihani. Kozi yangu ilikuwa ya Kiingereza nikajiaminisha Kijerumani sio lazima. Niliomba nafasi zaidi ya themanini za mauzo, mahesabu, rasilimali watu, karibu zote zinataka B2 au C1. Kampuni nyingi kule ni za ukubwa wa kati, za familia, zipo miji midogo, na humo ndani mikutano, mikataba, simu za wateja, yote ni Kijerumani. Wenzangu wa kompyuta walipata kwa Kiingereza, sisi wa biashara hapana. Anza lugha kabla hujaondoka, Goethe-Institut ipo Dar na Nairobi, fika ukiwa na A2 mkononi, chuoni chukua kozi kila muhula, ongea na bibi wa dukani, kosea, rudia. Mi nilianza muhula wa tatu, nikafika B2 baada ya kumaliza masta, ndo kazi ikapatikana.

Ukimaliza unaweza kuomba kibali cha miezi 18 cha kutafuta kazi inayolingana na elimu yako, na ndani ya huo muda unaruhusiwa kufanya kazi yoyote ya kukuweka mjini. Maombi lazima yaingie kabla kibali cha uanafunzi hakijaisha, hata siku moja ikizidi una matatizo. Miadi ya ofisi za wageni inachelewa sana kwenye miji mingi, kwahiyo omba miezi mitatu kabla, na imeili uliyotuma kuomba miadi itunze na tarehe yake. Ukiwa umeomba ndani ya muda wanakupa karatasi ya muda, Fiktionsbescheinigung, inayoonyesha haki zako zinaendelea wakati wanashughulikia. Iombe kwa jina hilo hilo dirishani, na kabla ya kununua tiketi ya kwenda kusalimia nyumbani waulize kama hiyo uliyopewa inakuruhusu kutoka na kurudi, kwa sababu sio zote zinaruhusu.